Programu za Kuendesha Kazi za Ofisini: Uwezo Mpya na Namna Unavyokosea

Katika ofisi nyingi za utalii za Arusha, sehemu kubwa ya siku ya mtu wa rizavesheni huishia katika kunakili. Barua pepe ya wakala wa ng'ambo inasomwa katika dirisha moja. Majina ya wageni na tarehe zao yanaandikwa upya katika jedwali la Excel. Kisha yaleyale yanaandikwa tena katika ombi la vyumba kwa loji, tena katika mfumo wa malipo ya hifadhi, na tena katika ankara. Hatua hizo hazimtaki mtu ajue tofauti ya maeneo ya wanyama ya Tarangire na Ndutu. Zinamtaka awe na macho, vidole na subira, na ndiyo maana huwa za kwanza kufikiriwa ofisi inapoamua kuleta programu ya otomesheni, yaani programu inayokaa ndani ya kompyuta na kuufanya mtiririko wa kazi badala ya mtu: kufungua madirisha, kubofya, kunakili, kubandika na kuhifadhi.

Programu hizi zimeongezewa mengi katika miaka ya karibuni. Kuna kinasa kinachoandika hatua zako huku wewe ukiendelea na kazi, msaidizi wa akili mnemba anayetunga mtiririko kutokana na maelezo ya maneno matupu, marekebisho yanayojifanya yenyewe kitufe kikihama, na dirisha la pembeni ambamo roboti, yaani programu hiyo yenyewe, hufanya kazi yake bila kukunyang'anya kipanya. Makala haya yanaeleza uwezo huo unafanya nini hasa, na yanashikilia swali moja ambalo matangazo ya bidhaa hayaligusi: uwezo mpya unapokosea, unakosea vipi, na nani atajua?

Kwanza ni lazima kutenganisha njia mbili za kuhamisha taarifa kati ya mifumo. Mfumo uliojengwa vizuri huwa na mlango maalumu ambao programu nyingine hupitia ili kuuliza au kuleta taarifa bila kugusa skrini. Pale mlango huo ulipo na ofisi imeruhusiwa kuutumia, utumike. Ni wa haraka zaidi, na hausumbuki mtu akibadilisha rangi ya ukurasa. Otomesheni ya skrini ni njia ya pili, kwa ajili ya mifumo isiyo na mlango, au yenye mlango ambao ufunguo wake hatukupewa. Kwa ofisi ndogo, hiyo ni mifumo mingi: programu ya uhasibu iliyonunuliwa zamani, tovuti za taasisi za serikali, na tovuti za hoteli ambazo kila moja ina fomu yake.

Njia hiyo si ngeni. AutoHotkey, programu ya bure inayoandikiwa amri fupi za kibodi na kipanya, ipo tangu 2003. Apple iliweka Automator, programu ya aina hiyo, katika kompyuta zake mwaka 2005, na mwaka huohuo ilianzishwa mjini Bucharest kampuni ya programu za otomesheni ambayo baadaye iliitwa UiPath. Kilichobadilisha mambo kwa ofisi ndogo ni bei. Mei 2020 Microsoft ilitangaza kuinunua Softomotive, kampuni yenye asili ya Ugiriki iliyotengeneza WinAutomation, programu ya otomesheni ya Windows. Kazi yake ikageuzwa kuwa Power Automate ya mezani, na Machi 2021 ikatolewa bila malipo ya ziada kwa watumiaji wa Windows 10. Katika Windows 11 huja ikiwa imekwisha kuwekwa. Kwa hiyo ofisi nyingi zinazouliza roboti inauzwa shilingi ngapi tayari zinayo ndani ya kompyuta zao, na hazijawahi kuifungua.

Sasa tuingie ndani. Uwezo wote unaotangazwa unasimama juu ya jambo moja, nalo ni namna programu inavyokiona kitufe. Zipo namna tatu, na asiyezitofautisha atakisifu au kukilaumu kitu kisichohusika.

Namna ya kwanza haitazami picha kabisa. Windows hutunza orodha ya kila kilichomo katika dirisha: kitufe hiki kinaitwa "Hifadhi", kimo ndani ya paneli hii, iliyomo ndani ya dirisha lenye kichwa hiki. Orodha hiyo haikuwekwa kwa ajili ya roboti. Microsoft ilianza kuitoa mwaka 1997 ili programu zinazowasomea wasioona skrini kwa sauti zijue kilichopo mbele yao, na watengenezaji wa otomesheni wakapita katika njia hiyohiyo. (Matokeo yake hayafikiriwi na wengi: programu iliyotengenezwa bila kuwajali wasioona ndiyo hiyohiyo itakayoisumbua roboti, kwa kuwa vitufe vyake havina majina.) Roboti hupewa anwani ya kitufe, na ikiikuta hubofya, hata kama dirisha limesogezwa kona nyingine ya skrini.

Anwani hiyo hukatika kwa sababu ndogo sana. Tuchukue programu ya malipo ambayo kichwa cha dirisha lake kinasomeka "Malipo – Julai 2025". Kinasa kinaporekodi hatua zako huchukua kichwa chote kama kilivyo. Mtiririko utakwenda vizuri siku zote zilizobaki za Julai, na asubuhi ya tarehe 1 Agosti utasimama na kutoa ujumbe kwamba dirisha halikupatikana. Dawa ni ya dakika moja: kuifungua anwani na kubadili sharti, kutoka kichwa "kiwe sawa na" maneno hayo, hadi kichwa "kianze na" neno Malipo. Tatizo ni kwamba aliyeweka mtiririko amekwishalipwa na kuondoka, na aliyebaki ofisini anaona tu kwamba roboti imekufa. Kinasa kinasifiwa kuwa kimeondoa haja ya fundi; kwa kweli kimeondoa nusu ya kwanza ya kazi yake, ile iliyokuwa rahisi.

Namna ya pili ni ya picha. Programu hukata kipande cha picha ya kitufe na kukitafuta kwenye skrini. Hutumika pale orodha inapokosekana, hasa katika muunganisho wa mbali: ikiwa programu ya uhasibu iko kwenye seva ya makao makuu Dar es Salaam, nawe uliye Moshi unaiona kupitia dirisha tu, mara nyingi kompyuta yako haipokei vitufe bali picha ya vitufe. Ni sawa na kumwelekeza mgeni nyumba iliyo mtaa wa Sakina, Arusha, kwa kumwambia atafute geti la bluu. Atafika, mpaka siku geti litakapopakwa rangi nyingine. Kukuza maandishi ya skrini kutoka asilimia 100 hadi 125, kuwasha mandhari ya giza, au kuhamia kompyuta yenye skrini ya ukubwa mwingine, kunatosha kuipoteza roboti njia.

Namna hizi mbili mara nyingi zinakosea kwa kelele. Kisipopatikana kitufe, mtiririko unasimama, ujumbe mwekundu unatokea, na mtu anaitwa. Watu wengi wanaona hiyo ni kasoro, nami naona ni sifa bora kuliko zote walizonazo, na hoja hiyo ndiyo inayotawala yafuatayo.

Namna ya tatu ndiyo mpya kweli. Hapa modeli ya akili mnemba inapewa picha ya skrini pamoja na maelezo ya kawaida, mathalani "waingize wageni wa barua hii katika fomu ya loji", nayo inaamua yenyewe wapi pa kubofya na nini cha kuandika, kisha inapiga picha nyingine kuona kilichotokea. Anthropic, kampuni ya akili mnemba ya Marekani, ilitoa uwezo huo kwa majaribio ya umma tarehe 22 Oktoba 2024. OpenAI, watengenezaji wa ChatGPT, wakafuata Januari 2025 na bidhaa yao ya Operator, na mwaka huohuo Microsoft ikauleta katika Copilot Studio, programu yake ya kutengenezea wasaidizi wa akili mnemba. Maendeleo yake yanaweza kupimwa. Katika OSWorld, jaribio lenye kazi 369 za kompyuta halisi, modeli ya kwanza ya Anthropic yenye uwezo huo ilifaulu asilimia 14.9 ilipotumia picha za skrini pekee, wakati kampuni hiyo ilikadiria uwezo wa watu kuwa kati ya asilimia 70 na 75. Septemba 2025 modeli yake ya Claude Sonnet 4.5 ilifikia asilimia 61.4. Hakuna sababu ya kuibeza kasi hiyo.

Lakini jaribio lina msahihishaji, na ofisi haina. Modeli isipokiona kitufe ilichoagizwa, huenda isisimame. Huweza kutafuta kinachofanana nacho. Fomu ikiwa na "Tuma" mahali ambapo jana palikuwa na "Hifadhi rasimu", inaweza kutuma. Mwishoni itaandika kwa lugha safi kwamba kazi imekamilika, na karani atakayesoma sentensi hiyo hatakuwa na sababu ya kufungua fomu kuhakiki. Hili ni kosa la kimya, nalo ni ghali kwa sababu hugunduliwa siku mgeni anapofika mapokezi ya loji akiwa na vumbi la njia ya Karatu na kukuta chumba kilichobukiwa ni kimoja badala ya viwili.

Katikati ya kelele na ukimya ndipo yanapokaa marekebisho yanayojifanya yenyewe, ambayo UiPath inayauza kwa jina la Healing Agent. Wazo ni zuri: anwani ya kitufe ikikatika, programu hulinganisha sifa zilizobaki, yaani jina, mahali na majirani wa kitufe hicho, kisha hukadiria kitufe kilichochukua nafasi yake. Jambo la kuangalia ni kama makadirio hayo yanapendekezwa na kumsubiri mtu, au yanatekelezwa papo hapo. Fikiria fomu iliyokuwa na kisanduku kimoja cha "Jina la mgeni", kisha mwenye tovuti akakigawa kuwa "Jina la kwanza" na "Jina la ukoo". Marekebisho ya papo hapo yanaweza kuweka jina lote katika kisanduku cha kwanza. Ikiwa cha pili si cha lazima, fomu itapokelewa, hakuna ujumbe mwekundu utakaotokea, na wageni wa msimu mzima wataandikishwa kwa majina yasiyolingana na pasipoti zao. Kwa ofisi isiyo na fundi wa kudumu, mpangilio wa kupendekeza na kusubiri ndio unaofaa, ingawa unapunguza raha ya kuiacha roboti peke yake.

Kuna kosa jingine la kimya linalohusu namna ya tatu pekee. Modeli inayosoma barua pepe haitenganishi kwa uhakika maneno ya mwajiri wake na maneno ya aliyeandika barua. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kuficha ndani ya barua, kwa herufi nyeupe juu ya karatasi nyeupe, agizo la kupeleka orodha ya wageni mahali fulani au kubadili akaunti ya benki iliyomo katika ankara. Watengenezaji wenyewe wameonya juu ya hatari hii, na ulinzi wao bado si kamili. Kwa ofisi inayopokea barua za watu isiowajua kila siku, kanuni ya kufuata ni nyepesi kueleza: modeli inayosoma barua za nje isipewe nenosiri la benki wala kitufe cha kulipa. Isome na kuandaa, na mtu abofye.

Hata hivyo, makosa ya kimya hayakuletwa na akili mnemba. Yaliyozoeleka zaidi yamo katika tarehe na namba. Kompyuta nyingi hununuliwa zikiwa na mpangilio wa Marekani, unaotanguliza mwezi kabla ya siku, na hakuna anayekumbuka kuubadilisha. Roboti inakuta katika barua tarehe 08/04/2026, wakala akimaanisha tarehe 8 Aprili, na kuiandika katika Excel. Excel inaisoma kuwa tarehe 4 Agosti. Mgeni wa masika, ambaye angepata bei ya msimu wa mvua, anapigiwa hesabu ya msimu wa juu. Mgeni mwingine katika barua hiyohiyo anafika 22/04/2026. Hakuna mwezi wa ishirini na mbili, kwa hiyo Excel inaiacha kama maandishi tu na fomula za mbele yake zinatoa kosa. Tarehe za kuanzia 13 zinakosea kwa kelele, na za 1 hadi 12 zinageuzwa kimya kimya, isipokuwa pale siku na mwezi vinapofanana. Anayerekebisha zile zilizopiga kelele huamini amemaliza.

Namba za fedha nazo zina mkasa wao. Wakala wa Ujerumani huandika 1.250 akimaanisha elfu moja mia mbili na hamsini, kwa kuwa kwao nukta hutenga maelfu na mkato hutenga senti. Kompyuta yetu inasoma moja na robo. Upande wa Moshi, chama cha msingi cha ushirika kinachoandaa malipo ya wakulima wa kahawa kwa simu kitakutana na jambo jingine: namba inayoanza na 0754 ikiingizwa katika safu ya kawaida ya Excel hubaki ikianza na 754, kwa sababu kwa Excel sifuri ya mwanzo haina thamani. Dawa ya haya yote ni moja, na haina uhusiano na upya wa programu. Safu ya simu ipangwe kuwa maandishi kabla ya kujazwa. Tarehe iandikwe na roboti katika umbo lisilo na utata, mwaka ukitangulia, au mwezi ukiandikwa kwa jina. Fedha zipitie hatua ya ukaguzi inayokataa kiasi kilicho chini ya bei ya chini kabisa ya safari, ili roboti ilazimike kupiga kelele mahali ambapo ingenyamaza.

Uwezo mwingine uliobaki unaweza kuelezwa kwa kifupi. Dirisha la pembeni, ambalo Power Automate na UiPath zote zinalo, huipa roboti eneo lake la kazi ndani ya kompyuta yako ili usizuiwe kuandika inapobofya. Lakini faili ni zilezile, na jedwali la Excel ulilolifungua wewe linaweza kukataa kuhifadhiwa na roboti, na kivinjari kilicho wazi upande wako kinaweza kugoma kufunguka upande wake. Kuanza kwa ratiba au kwa tukio, kama vile faili mpya kuingia katika folda, kumefika katika programu ya Shortcuts ya kompyuta za Apple kwa toleo la macOS 26 la mwaka 2025. Kwa Power Automate, toleo la bure halina ratiba: lazima mtu alianzishe mwenyewe akiwa ameingia kwenye kompyuta. Leseni ya kuondoa kikomo hicho imekuwa ikitangazwa kwa dola 15 kwa mtumiaji kwa mwezi, na roboti inayofanya kazi bila mtu kabisa imetangazwa kwa dola 150 kwa mwezi, bei ambayo ofisi yenye wageni wachache itapata shida kuirudisha.

Ratiba inatuleta kwenye umeme. Mtiririko unaotuma ankara 40 unaweza kukatikiwa na umeme baada ya ankara ya 17, na ukianzishwa tena kwa mtindo wa kinasa, utaanza na ya kwanza. Wateja 17 watapokea ankara mbili. Betri ya akiba husaidia, lakini haiwezi kuchukua nafasi ya mtiririko unaojua ulipoishia: jedwali liwe na safu ya hali, na roboti iandike humo kila mstari unapokwisha kufanyiwa kazi, kisha ikianza upya iruke mistari iliyokwisha. Hapa pana uamuzi ambao watu huupita bila kuuona. Alama ikiwekwa baada ya kutuma, umeme ukikatika katikati ya hatua hizo mbili kutakuwa na ankara inayotumwa mara mbili. Ikiwekwa kabla ya kutuma, kutakuwa na isiyotumwa kabisa. Kwa uthibitisho wa vyumba ni afadhali ujumbe ufike mara mbili. Kwa malipo kwa wakulima au wapagazi, ni afadhali mtu mmoja akose na kuja kuuliza kuliko fedha kwenda mara mbili, kwa sababu aliyekosa atakuja, na aliyezidishiwa huenda asije.

Limebaki suala la sheria, ambalo namna ya tatu ya kuona imelifanya zito zaidi. Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa za watu ajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na inaweka masharti ya kuzisafirisha nje ya nchi. Roboti ya anwani za vitufe inaweza kufanya kazi yote ndani ya kompyuta yako. Modeli inayotazama skrini kwa kawaida hutumiwa picha za skrini hiyo katika seva zilizo nje ya Tanzania, na ikiwa wakati huo pasipoti ya mgeni iko wazi pembeni, pasipoti imesafiri pamoja na picha, hata kama haikuhusika na kazi iliyoagizwa. Kufunga madirisha mengine yote kabla ya kuanza ni tahadhari ndogo. Kuipa modeli akaunti yake ya Windows isiyo na barua wala faili za wageni wasiohusika ni tahadhari kubwa zaidi, na haigharimu kitu.

Ofisi inayotaka kujaribu isianze na oda nzuri. Ikusanye zile zilizowahi kuisumbua: ya wageni wawili wenye jina la ukoo moja, ya tarehe iliyo chini ya 13, ya Mjerumani na nukta zake, ya familia iliyobadilisha njia ya kupanda Kilimanjaro, kutoka Machame kuwa Marangu, katikati ya mazungumzo, na ya barua yenye kiambatanisho kisichofunguka. Ziendeshwe zote huku karani akifanya zilezile kwa mkono, majedwali mawili yalinganishwe mstari kwa mstari, na ihesabiwe si mara ngapi roboti ilisimama, bali mara ngapi ilisema imemaliza wakati haijamaliza. Mtiririko wa kawaida wa kurekodi unaweza kupimwa hivyo kwa toleo la bure. Wa akili mnemba hulipiwa kwa matumizi, kwa hiyo upimwe kwa nakala za oda zilizofutwa majina halisi, na kwenye fomu za majaribio zisizofika kwa loji yoyote.